Ubeti Ambao Haumo Kwenye Santuri

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu niliitwa mwongo, na sikuwa tayari kuitwa hivyo Jumamosi nyingine. Tulikuwa kikundi cha wapenzi wa muziki, walimu na makarani sita, mwanamke nikiwa peke yangu. Kila Jumamosi alasiri tulikutana Temeke, nyumbani kwa Bwana Kitwana, karani wa bandarini aliyekuwa na santuri nyingi kuliko sisi sote kwa pamoja. Kila mtu alileta aipendayo, tukasikiliza, tukabishana mpaka koo zikakauka. Jumamosi hiyo ilipigwa "Umenikuta Hapa" ya bendi moja ya Morogoro, mwimbaji akiwa Agatha, dada wa Kiluguru. Nikasema santuri ni nzuri lakini imepungua. Mimi nilimsikia Agatha kwa masikio yangu kwenye bugi, lile dansi la vijana la Jumapili mchana, na mwishoni aliweka ubeti uliowafanya wanaume watoke uwanjani wakakae, wanawake tukabaki tunacheza wenyewe.

"Ubeti huo haupo," Kitwana alisema. "Mimi pia nilikuwepo siku ile."

"Ulikuwepo. Tena ulikuwa wa kwanza kwenda kukaa."

Wenzetu wakacheka, naye akakasirika. Akaiinua santuri kwa ncha za vidole, kama kawaida yake. "Kama haumo humu, haupo. Au tuimbie basi, tuusikie."

Sikuimba. Sauti yangu ni ya kuitia kuku, na nilijua wangecheka mpaka Magharibi. Nikasema nitakwenda kuuchukua kwa mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe. Wakacheka vilevile.

Jumatatu, shule ilipofungwa, nilipanda basi la kwanza la Morogoro na gramafoni yangu ya betri mapajani, imefungwa kwa kitenge pamoja na nakala yangu ya santuri ile. Chalinze nikanunua machungwa. Abiria wa jirani, mzee mwenye kanzu, aliuliza kama ninapeleka cherehani. Nilipomwambia ukweli alisogea kidogo, akatazama dirishani hadi tulipofika. Siku hizo mwalimu alitakiwa kuwa mfano wa kuigwa, na mfano huo haukuwa na gramafoni.

Saa sita tulikuwa Morogoro, milima imefunikwa na mawingu nusu. Nilifikia kwa Rehema, rafiki niliyesoma naye chuo cha ualimu.

"Agatha aliacha bendi siku nyingi," aliniambia. "Yuko kwao Mgeta, analima kabichi. Watu wanasema aliringa."

"Wanaume au wanawake wanaosema?"

Rehema alifikiri. "Sasa umeniuliza, naona ni wanaume."

Jumanne asubuhi nilikwenda mpaka njia panda ya Sangasanga, jirani na Mzumbe, nikapata lori lililokuwa linapanda kuchukua mboga. Barabara ile inapinda mpaka unaona uliposimama saa moja iliyopita, chini kabisa, padogo. Utingo aliniketisha juu ya magunia matupu. Hewa ikawa baridi, nikajifunga kitenge changu na gramafoni ikabaki wazi. Tulipofika Mgeta nikalala kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa na kitanda kimoja na mablanketi matatu, nami niliyahitaji yote matatu.

Jumatano, saa mbili asubuhi, nilipanda kwa miguu hadi kijijini kwao Agatha. Mgeni wakati ule hakuingia tu, alianzia kwa balozi wa nyumba kumi. Nilimkuta Mzee Kobelo ananoa jembe mlangoni kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi, na umekuja kwa nani?"

Nilimweleza. Akaitazama gramafoni, akanitazama mimi. "Leo ni siku ya shamba la kijiji. Starehe baadaye. Na huyo Agatha msimrudishe kwenye mambo yenu ya mjini. Sasa ametulia."

Alilisema neno hilo kama watu wanavyosema homa imeshuka. Likanichoma. "Basi nipe jembe, mzee," nikasema. "Nitamsubiri huku nalima."

Shamba lilikuwa mteremkoni, matuta ya kabichi na njegere yamepangwa moja juu ya jingine. Nilimtambua Agatha kwa sauti, alipokuwa anamwita mtu amletee kikapu. Mwanamke mfupi, kilemba cha kijani, mikono ya mkulima. Nilipomwambia nimetoka Dar es Salaam kwa ajili ya wimbo wake, alicheka akaniambia nisikanyage miche. Nikalima mpaka malengelenge yakatoka na mengine yakapasuka. Wanawake walinicheka, lakini walinicheka vizuri.

Saa sita watu wakaketi kula magimbi na maharage. Nikafungua gramafoni, nikaipiga santuri ile. Mzee Kobelo alikohoa, lakini ulikuwa wakati wa mapumziko. Agatha hakuwahi kuwa na santuri yake mwenyewe. Aliisikiliza jembe likiwa mapajani, hakutikisa hata bega. Ilipokwisha alisema, "Nimeimba kama mtu anayesoma barua ya serikali."

Nikamwomba ule ubeti wa mwisho.

"Ubeti gani?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. "Mdogo wangu, mimi kila Jumapili niliweka ubeti wangu mwishoni. Nawatazama watu walioko mbele yangu, nawaambia linalowahusu. Nikishuka jukwaani, umekwisha. Siku ya kurekodi kiongozi wa bendi akasema niimbe yaliyoandikwa tu. Nikatii, siku moja. Santuri ikatoka, na tangu hapo nikiweka la kwangu watu wananizomea: imba kama kwenye santuri! Nikawaambia mwenye kutaka santuri akae nayo nyumbani. Kiongozi akaniambia nichague. Nikachagua."

Nilikaa pale na magimbi yangu yamepoa. Nilikasirika, na sikujua ninamkasirikia nani. Basi, lori, baridi, malengelenge, na ubeti haukuwepo popote duniani.

"Wewe uliusikia," Agatha alisema. "Niimbie."

"Mimi siimbi."

"Na mimi silimi vizuri. Niimbie."

Nikasimama mbele ya watu kama thelathini, nikafumba macho, nikaimba.

"Shamba hili la mama, na mama yake alilima.
Ukinichoka, bwana, kofia yako iko msumarini.
Njia uliyokuja nayo haijaota nyasi."

Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo kila mwanamume aliyeoa pale alijua anaambiwa yeye. Wakatazama majembe yao. Bibi mmoja alicheka mpaka akashikilia mbavu.

"Hayo niliyasema mimi?" Agatha aliuliza.

"Uliyasema, huku umenyoosha kidole mlangoni."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilisema vizuri." Kisha akauchukua, akaupeleka juu kwenye sauti yake, na wanawake wakaudaka mstari wa kofia kana kwamba waliufahamu siku zote.

"Jamani, kazi!" Mzee Kobelo alisema. "Agatha, acha mambo hayo."

Agatha aliinuka, akashika jembe, akaanza kulima. "Kazi hii hapa, mzee. Nalima kwa mikono, sio kwa mdomo." Akaendelea kuimba. Tuliimba hadi saa tisa, na tuta letu likamalizika kabla ya lile la wanaume.

Kabla sijaondoka nilimsimulia habari za Kitwana, nikatoa kalamu na karatasi, nikamwomba auandike na kuweka sahihi. Alikataa. "Huyo Kitwana atasema nimeuandika jana. Mwimbie."

Alhamisi niliteremka na lori, juu ya kabichi, ninajizoeza kwa sauti, na utingo akaniomba mara mbili ninyamaze. Sikunyamaza. Ijumaa nilikuwa Dar es Salaam. Nilichojifunza nakisema wazi: santuri ilihifadhi siku moja tu ya Agatha, na ni siku ile aliyotii. Siku nyingine zote zimo ndani yetu tuliokuwepo, na tukiona haya kuzitoa, zimekwisha.

Jumamosi alasiri nilifika Temeke wote wakiwa wameshaketi. Wimbo ulikuwa katikati. Nikaenda moja kwa moja kwenye gramafoni ya Kitwana, nikaiinua sindano. Hakuna aliyewahi kugusa sindano ya Kitwana. Kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeanza. Mstari wa pili sauti ilinipasuka, nikaendelea nayo hivyohivyo mpaka mwisho.

"Umemaliza?" Kitwana alisema. "Huo ndio ushahidi? Hata sauti huna."

Hakuna aliyecheka. Nyuma yake, mlango wa jikoni, alikuwa amesimama mkewe, Mama Salma, na birika la chai mkononi. Jumamosi zote hizo alikuwa akituletea chai na kuondoka. Siku hiyo aliliweka birika chini, hakummiminia mtu, akavuta kiti akakaa katikati yetu.

"Rudia, mwalimu," alisema. "Anzia pale kwenye kofia."