Mwanamke wa Sabuni

Nikisikia harufu ya wino wa kalamu nene, ile inayopanda puani kama spiriti, namwona Shangazi Zuwena kaegemea cherehani ya mama, anampaka weusi mwanamke wa kwenye kadi. Alianza miguu, akapanda kifua, akamalizia uso. "Halas," akasema, akafunika kalamu. Nililia mpaka kwikwi.

Kadi ile ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama. Zamani Unguja, ukinunua mche wa sabuni, unapewa kadi yenye picha. Sisi tukaibandika ukutani, chumbani kwetu Bani Malik, Jeddah. Mwanamke wa Kizungu kasimama ufukweni na sabuni mkononi, kavaa nguo ya kuogelea ya buluu: kola pana, suruali mpaka magotini, soksi nyeusi, kofia kama mfuko wa unga. Mie nikimcheka, nikidhani kasahau kuvua nguo kabla ya kuoga.

"Huyo haogi, anauza," mama akanambia. "Bahari wamemchorea uone usafi."

Kisha akanishonea nguo ileile, kola na yote. Kitambaa kilichobaki, kikubwa, akakikata akakikunja kando. Ijumaa alfajiri baba akatupeleka baharini kabla watu hawajajaa. Nikaingia majini, nguo ikatuna kama andazi. Mama akasimama maji ya magoti, buibui kalikusanya mkononi, anacheka. Ilikuwa raha, jamani, mpaka leo naionja.

Ndipo shangazi akaja kutoka Riyadh, dada yake baba. Huko alizoea kufuta picha za wanawake kwa wino, kwenye magazeti, mpaka maboksi ya shampuu.

"Wifi, mwakaa na mtu uchi ukutani?"

"Wifi, huyo kajisitiri kuliko ulivyolala wewe jana."

Tulicheka sote isipokuwa yeye. Mama alipoingia jikoni, kalamu ikatoka mkobani.

Sikusoma sana, nami nilichelewa kuelewa. Baada ya wino ule, kile kitambaa kikubwa mama alikigeuza foronya. Nilikuwa mtu mzima nilipoona kwenye foronya ile mkato wa kola, mpana, wa kipimo chake. Alitaka kuingia baharini na yeye.

Siku hizi Shangazi Zuwena huja Jeddah na wajukuu zake. Wanaogelea mchana kweupe, wamejisitiri vilevile kama yule wa kadi, naye yuko chini ya mwavuli anawapiga picha kwa simu. Waogelee, nawafurahia. Lakini wewe shangazi uko hai, na akili unazo. Mama yangu kafa bahari haijampita magoti. Nijibu: alikukosea nini?