Anwani ya Ukurasa wa Chai

Nilikuwa naitengenezea tovuti nyumba ya wageni ya Bi Zuhura, Mji Mkongwe. Anwani za kurasa zilikuwa tarakimu tupu. Nikazigeuza ziwe maneno yanayotokana na kichwa cha ukurasa, ili mtu akitafuta mtandaoni atuone upesi. Kwa majaribio, ukurasa mmoja niliupa kichwa kuhusu bintiye, Salma, niliyempenda kimyakimya. Kisha nikakibadilisha kuwa "Chai ya Asubuhi", nikaamini siri imefutika. Kumbe anwani ilishaundwa kwa kichwa cha kwanza, ikabaki vilevile.

Jana Bi Zuhura alivaa miwani, akanisomea anwani hiyo kwa sauti: "Salma-macho-yako-yananikosesha-usingizi. Mwanangu, hii ndo chai?"

Salma, aliyekuwa akitandika meza, aligeuka.

"Wageni washaisoma wote," alisema taratibu, "mimi ndo naambiwa leo?"