K Iliyogeuziwa Ndani

Maana ya Kalliopi ni mwenye sauti nzuri. Wa kwanza kuitwa hivyo, Wagiriki wa kale walisema, alikuwa mkubwa wa mabinti tisa wa Zeu, mungu wao mkuu, walezi wa nyimbo na mashairi. Kalliopi wa kijijini kwetu, huku kisiwani Lesvos, alirithi jina kwa bibi yake. Sauti haikurithiwa. Kiongozi wa kwaya alishamwomba, kwa adabu zote, awe anamsifu Mungu moyoni.

Mwanawe Stratis alipopata binti, kila mtu alilijua jina: binti wa kwanza humfufua mama wa baba kwa kupewa jina lake. Ila kwetu mtoto hana jina mpaka abatizwe, kwa hiyo bibi hupata muda wa kukataa. Kukataa ndiyo adabu. Bibi hukataa, mwana hushikilia, bibi hulia kidogo, yakaisha.

"Msimtwishe mtoto mzigo huu," Kalliopi alimwambia mke wa Stratis, Ioulia, mzaliwa wa Athene. "Aitwe sauti nzuri, na ukoo mzima tunalia kama kunguru?"

"Haya, mama," Ioulia akasema, akamimina kahawa.

Kalliopi aliona mkwewe anajua kutania. Akaenda kutarizi herufi K kwenye taulo la kumpokelea mtoto kutoka majini, akamwonyesha jirani yake Stamatia, yaani akakionyesha kijiji.

Siku ya ubatizo, padri akamuuliza mama wa ubatizo jina.

"Dafni."

Dafni, yule binti aliyemkimbia mungu Apolo akaona afadhali ageuke mti. Vichwa vikageuka, si kwa mtoto bali kwa bibi. Uso ukamwaka mpaka masikioni. Akalisukumia taulo chini ya mkoba.

"Shoga," Stamatia akanong'ona, madhabahu ikasikia, "na ile K?"

"Funga domo."

Ioulia akageuka, naye uso umemwiva. "Mama, si ulikataa mwenyewe?"

"Nilikataa, mwanangu. Nilikataa vizuri mno."

Stratis, aliyeijua adabu hiyo tangu utotoni, alikuwa akichunguza taa za dari.

Mtoto akachovywa, akatoka na ukelele mkavu wa kukwaruza. Kiongozi wa kwaya akapoteza mstari.

"Mwiteni mtakavyo," Stamatia akasema. "Huyo ni Kalliopi."

Kanisa likacheka. Ioulia hakucheka, alinyoosha mkono. "Lete taulo lako, mama."

Kalliopi akalitoa, akalikunja K ikaingia ndani, akampa bila kumtazama, kana kwamba kanisani palikuwa na mtu asiyeijua herufi ile.