Kijiji Kilishukuru

Mpaka leo nikimsikia mtu anasema takwimu hazidanganyi, natamani nimrushie kikombe. Takwimu nimezipika mwenyewe, na jikoni kwake nakujua. Sisemi tulighushi. Hatukughushi hata namba moja, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mwongo unaweza kumshitaki. Sisi tulifuata utaratibu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Mimi ni mchumi. Nimezaliwa na kukulia Mtanda, Lindi mjini, na kazi yangu ni ya kuokoteza: leo korosho, kesho mikoko, keshokutwa maji. Mwaka mmoja nilipata mkataba wa miezi michache kwa washauri waliopewa kazi ya kuvipanga vijiji vya pwani ya Kilwa kwa shida ya maji, kipi kina shida zaidi, kipi kinafuata, kipi kinaweza kungoja. Vijiji vya juu kwenye orodha vingechimbiwa visima virefu. Vya chini vingesubiri awamu ya pili, na kila mtu wa huku anaijua awamu ya pili. Ni ile isiyokuja.

Kiongozi wetu tulimwita Daktari. Hakuwa wa hospitali, alikuwa amesomea uchumi wa maji mpaka mwisho wa masomo, mtu msafi, mpole wa sauti, anayekunja mikono ya shati kwa vipimo. Dodoso alilitunga yeye, akiwa Dar, likaingizwa kwenye vishikwambi. Swali la kumi na nne liliuliza: kwa ujumla, hali ya maji katika kaya yako ikoje? Nzuri, wastani, mbaya. Mdodosaji akibonyeza "nzuri", kishikwambi kinaruka kurasa tatu nzima. Hakiulizi umbali wa kisima, wala muda wa kungoja, wala chumvi, wala nani anayechota, wala miezi ambayo kisima kinakauka. Kinakwenda moja kwa moja kwenye idadi ya simu na aina ya paa. Asiye na shida, alisema Daktari, ya nini kumpotezea muda?

Sasa jamani. Mtu yeyote aliyelelewa huku anajua kwamba ukimuuliza mwenzako habari za nyumbani, atakujibu nzuri. Anaweza kuwa na maiti ndani, atakujibu nzuri, atakuuliza za kwako, atakuuliza za watoto, ndipo aseme, "Ila mzee ametutoka alfajiri." Habari iko baada ya "ila". Mama yangu alipovunjika mguu nilimpigia simu, tukamaliza salamu zote pamoja na za majirani, kabla hajaniambia kwamba yuko wodini. Hakuwa ananificha. Alikuwa anakwenda kwa mpangilio, na mpangilio wetu huwa hauanzi na kilio.

Dodoso tulilijaribu Kilwa Kivinje kwa siku mbili. Jioni ya pili nikamwambia Daktari, mbele ya timu nzima, kwamba swali la kumi na nne litatupotosha, kwamba watu wa huku neno la kwanza ni nzuri hata kama kisima kimejaa vyura. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Dada, mtu mzima akikwambia hali yake nzuri, wewe ni nani umwambie ni mbaya?"

Wote wakatikisa vichwa. Ilisikika kama heshima. Mimi nikanyamaza, na sikunyamaza kwa sababu nilishindwa hoja. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka mkataba mwingine baada ya ule. Basi, nimesema.

Mama yangu mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, ameolewa kwenye kijiji kimoja upande wa Kinjumbi. Kijiji kile kilikuwa kwenye orodha yetu, na kura ya kaya ikaiangukia nyumba yake. Taratibu zilinikataza kumhoji ndugu, kwa hiyo alihojiwa na mdodosaji wetu, msichana wa chuo kutoka Dar, mimi nimekaa pembeni kama msimamizi. Ilikuwa kiangazi kikali. Mama mdogo alitutandikia mkeka, akaingia ndani, akatoka na maji kwenye bilauri za glasi zile ambazo hutoka siku ya Idi. Yalikuwa maji ya mvua, ya masika, aliyoyakinga kwenye bati na kuyatunza mtungini kwa ajili ya wageni na futari. Yeye mwenyewe alikuwa hayanywi. Msichana akanywa, akasema, "Mama, maji yenu matamu!" na dodoso lilikuwa na kisanduku cha kuonja maji ya kunywa, akakijaza pale pale: safi, hayana chumvi.

Kisha akafika kumi na nne.

"Nzuri, alhamdulillahi," alijibu mama mdogo. Akaweka mtandio wake vizuri, akajivuta mkekani. Nilimjua, alikuwa anajiandaa kusema.

"Kaya yako ina simu ngapi?" akauliza msichana.

Mama mdogo akanitazama. Mimi nikatazama mkeka. Msimamizi haruhusiwi kuingilia mahojiano, iliandikwa hivyo kwenye mwongozo, na mwongozo nilikuwa nimeutia saini.

"Moja," akasema.

Asubuhi yake nilikwenda naye kisimani, kwa kisingizio cha kumsindikiza. Kisima kiko bondeni, kimechimbwa kwa jembe, na kiangazi kinatoa maji kidogo kidogo. Mwanamke anashuka na kata, anakwangua, anamimina kwenye ndoo, anakaa, anangoja yatoke tena. Nyuma yake wako wengine, madumu yamepangwa. Maji yenyewe ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu. Mbaazi unazibandika asubuhi, adhuhuri bado zinagonga sufuria. Mama mdogo magoti yamemchosha, na mkwe wake, ambaye ndiye aliyekuwa akimsaidia kuchota, alikuwa mjamzito wa miezi saba na mguu umevimba. Alikuwa amebaki yeye. Aliniambia yote hayo njiani tukirudi, ndoo kichwani, bila kuulizwa, kwa sababu salamu zilikuwa zimekwisha jana.

Majibu yalipochakatwa, kijiji chake kilikuwa cha pili kutoka chini. Daktari alikipaka rangi ya kijani kwenye ramani: huduma ya kuridhisha. Juu kabisa kilikaa kijiji cha barabarani, ambako watu wameona miradi mingi na ukiuliza jina tu wanakujibu maji hakuna. Siwalaumu hata kidogo. Nao wana shida, na wameshajifunza kusema na wataalamu.

Nikamfuata Daktari mezani kwake. Nikamwambia nimekwenda kisimani kwa miguu yangu, nimeonja. Akasema kuonja kwangu si sampuli. Nikamwambia mwenye nyumba hakumaliza jibu lake. Akatabasamu. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. Mtu anamkatiza mtu kwa mashine, kisha anamsomea methali! Nikamwambia hakuficha, alikatizwa. Akasema basi, kikao cha mrejesho kipo, kila kijiji kitaleta mwakilishi, chenye hoja kitasimama kieleze, hoja itaandikwa na tutarudi kupima upya. Baada ya kikao orodha inapitishwa na haifunguliwi tena.

Nikapanda gari siku ile ile kwenda kwa mama mdogo. Yeye ni mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji, na wenzake walikuwa wamemteua yeye aende.

"Mama mdogo," nikamwambia, "siku hiyo anza na shida. Usianze na shukrani."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia atoke bila nguo.

"Nianze na shida? Mbele ya watu wazima, hata hatujasalimiana? Watasema mtu huyu katokea wapi?"

"Mna dakika mbili tu."

"Dakika mbili zinatosha. Nitasalimu, nitashukuru, nitasema."

"Sema chumvi. Sema mnavyongoja. Sema na habari ya mkwe."

"Nitasema, mwanangu. Na wewe si utakuwepo?"

Nikamwambia nitakuwepo.

Kikao kilifanyika Kilwa Masoko, ukumbini, ramani yetu ukutani, chupa ya maji ya kiwandani mbele ya kila mjumbe. Daktari aligawa kazi asubuhi. Mimi nilipewa kipaza sauti na saa. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka ukumbini, kumpa mjumbe kipaza sauti, na dakika mbili zikiisha kukichukua. Niliwakatiza wanne kabla ya mama mdogo. Mmoja alikuwa mzee wa kijiji cha barabarani aliyeanza na neno "Hatuna!" na akamaliza hoja zake zote, muda umebaki.

Mama mdogo akasimama. Alivaa doti mpya ya khanga. Akaanza na bismillahi, akatoa salamu, akawaamkia wakubwa kwa shikamoo na ukumbi ukaitikia. Akamshukuru mgeni rasmi. Akawashukuru wataalamu kwa kutoka mbali. Akasema hawakuwadharau, walifika mpaka majumbani, wakakaa kwenye mikeka yao, wakanywa maji yao, Mwenyezi Mungu awalipe. Alisema kwa ufasaha, taratibu, kila mtu kwa cheo chake. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia mkufu wake ukigonga kitufe cha gauni. Nikaangalia saa. Zilibaki sekunde chache. Akavuta pumzi, akatazama ramani, akasema, "Ila..."

Daktari, kule mbele, akagonga saa yake ya mkononi kwa kidole na kunitazama.

Nilikuwa na mambo mengi ya kufanya. Ningeweza kusema saa yangu imekosea. Ningeweza kujikwaa, kuangusha kipaza sauti, kuzimia hata. Ningeweza tu kusimama kama gogo, na yeye angeendelea, nani angekuja kumnyang'anya? Mimi nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimewakatiza wanne, nikajiambia haki ni haki, nisionekane napendelea ndugu. Ndivyo nilivyojiambia, kwa lugha ile ile ya mwongozo.

Mama mdogo hakung'ang'ania. Alinipa kipaza sauti kwa mikono miwili, akaketi.

"Tunapokea shukrani za kijiji," akasema Daktari, na ukumbi ukapiga makofi. Katibu akaandika. Nimeuona muhtasari, nakala ninayo. Vijiji vingine vina mistari mitano, sita. Chake kina maneno mawili: "Kijiji kilishukuru." Orodha ikapitishwa kabla ya chakula cha mchana.

Nilimkuta nje, chini ya turubai, amekaa na sahani ya pilau ambayo hajaigusa. Nikachuchumaa mbele yake. Nilitaka aninyooshee kidole, apige kelele, anitukane mbele ya wajumbe, ningeweza kulibeba hilo. Nilianza kumweleza kuhusu muda, kuhusu Daktari, kuhusu taratibu za kikao, kwamba nitaandika barua, kwamba awamu ya pili ipo. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Yule bwana simlaumu," akasema. "Hanijui. Wewe ulijua sijamaliza."