Mkate Uliosema Mbele ya Mkwe

Miaka kumi na tisa Athanase ameishi lupango moja, ua mmoja, na mama mkwe wake pale mtaa wa Kikula, na katika miaka yote hiyo hajawahi kumwona akimeza hata funda la maji. Msije mkadhani walikuwa na ugomvi. Ugomvi hawakuwa nao hata chembe. Ilikuwa heshima. Mama Marceline ni mtu wa Kasai, baba yake aliletwa na treni kuja kuchimba shaba, na kwao mama hali mbele ya mume wa binti yake. Haonekani akitafuna, wala hasikiki akitafuna. Basi sahani yake ilipita mlango wa nyuma, ya Athanase ilipita mlango wa mbele, na maisha yakaenda.

Mchungaji wao alishahubiri mara nyingi kwamba mila za mababu ni minyororo. Mama Marceline aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Pombe aliacha, hirizi alichoma. Lakini kumwonea haya mkwe? Wapi!

"Ile haiko mupepo," alisema. "Ile ni adabu. Yesu hakatale adabu."

Athanase naye hakuona shida. Yeye ni Musanga, mwenyeji wa nchi hii ya shaba, na kwao pia mkwe ni mkwe. Tena alimpenda yule mama, ngoja niseme wazi. Athanase alifiwa na mama yake akiwa na miaka saba. Siku alipopeleka posa, amevaa suruali ya kuazima, ni mama Marceline aliyewaambia wajomba waache kumhoji mtoto wa watu kama mwizi. Kitu kama hicho mtu hasahau. Kisha, miaka kumi na tisa iliyopita, mama huyo alipofiwa na mumewe, Athanase, fundi wa kuchomelea vyuma, mikono yote makovu ya cheche, alimjengea chumba uani kwa mikono hiyohiyo, jioni baada ya jioni.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa bado zinapiga, malaria ikamwangusha mama. Wiki nzima hospitali, kisha akarudi nyumbani mifupa mitupu. Binti yake, Delphine, mke wa Athanase, hakutaka alale peke yake uani. Akamtandikia kitanda kwenye pembe ya sebule na kumtundikia pazia la kitenge, ili akiita asikike. Siku ya tatu tu, simu ikapigwa kutoka Lubumbashi: Jessica, binti yao wa kwanza, amejifungua kwa operesheni, hawezi hata kuketi. Delphine alisimama katikati ya nyumba, simu mkononi, macho kwenye pazia, hajui aende au abaki.

"Enda," mama Marceline akasema kutoka nyuma ya pazia. "Mutoto anaita mama yake."

Delphine akaenda. Mlangoni alimwambia mumewe, "Baba Jessica, mama yangu anabakia mu mikono yako."

"Mikono yangu haipite ile rido, Delphine," akasema akionyesha pazia.

"Njo maana Carmel iko."

Carmel ni jirani, mwimbaji wa kwaya, mwanamke mwenye moyo wa dhahabu na mdomo usiojua kupumzika. Kazi yake ilikuwa kupika na kupitisha sahani. Lakini sahani iliingia na bukari, ugali wa kwetu, na mboga ya lengalenga, ikatoka na bukari na lengalenga. Uji ukaingia, uji ukatoka. Kinini, vidonge vya malaria, ilikuwa imemjaza mama uchungu kinywani, kila kitu kwake kilikuwa dawa.

Alhamisi akaja Papy, muuguzi. Alimpima, akatoka nje na Athanase, akasahau kwamba dirisha liko wazi.

"Homa imekwisha," alisema. "Sasa ni njala itamuua. Jumapili saa sita ninarudi. Kama hakukula kintu ya maana, tunamurudisha ku hopitali, tunamutia serumu mu mushipa."

Ndani kukasikika sauti nyembamba. "Minye siende kule. Bwana yangu aliingia na mulango ya mbele, akatoka na ile ya nyuma, mu sanduku. Siende."

Kisha akalia. Athanase hakuwahi kumsikia akilia, hata siku ya kumzika mumewe, maana siku ile alijikaza ili wengine wasianguke. Sasa alilia kama mtoto aliyeachwa sokoni, na mkwe wake amesimama nje na kofia mkononi, hawezi kuingia kumshika hata bega. Alijiona bure kabisa.

Ijumaa alitoka kazini mapema. Njaa ilikuwa inamuuma, na roho inamuuma zaidi, na mtu wa namna hiyo hurudi kwenye chakula cha kwao. Akaamua kupika mkate wa baba yake.

Baba yake Athanase alikuwa mpishi kule Panda, kwenye nyumba ya wageni wa kampuni ya shaba, enzi kampuni ilipokuwa kampuni. Huko wakubwa walikula mkate wa kitunguu saumu na siagi, mweupe, wa kistaarabu, usio na maana. Baba aliurudisha nyumbani akaufundisha pilipili. Unga ukandwe mpaka uache kushika vidole, uumuke chini ya kitambaa. Uokwe ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga chini, juu ya mbabula, jiko la makaa, na makaa mengine yapangwe juu ya kifuniko. Kitunguu saumu kitwangwe pamoja na chumvi, siyo kukatwakatwa kama mtu anayeogopa kunuka. Pilipili mbili za njano na mbegu zake, majani ya seleri, tone la ndimu, na vyote viingie katika siagi iliyolainika kando ya moto. Mkate ukiiva unakatwa vipande, kisu kisifike chini, siagi inapakwa kati ya kipande na kipande, unarudi motoni mpaka ganda likauke. Na hapo baba alikuwa na sheria moja: "Mukate yenye haiseme chini ya meno, irudishe ku moto."

Athanase akafuata yote hayo, amechuchumaa uani mbele ya mbabula. Siagi ilipoanza kuchemka ndani ya mkate, harufu ikatoka, ikaingia dirishani bila hodi.

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. "Carmel, ni nini inanukia vile?"

Haki ya Mungu, Athanase nusura aangushe kifuniko. Siku tano hakuna aliyemsikia mama akiuliza habari ya chakula! Akatoa vipande vinne vya moto, Carmel akavipitisha, na Athanase akaingia kuketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, akiangalia sakafu, masikio yamesimama.

Kra!

Kisha kimya. Carmel akatoka na sahani, kipande kimoja kina alama ya meno, akaleta ujumbe wa mama kwa wingi wa heshima.

"Ba mama banasema iko mutamu sana. Lakini mukate inasema kwa nguvu. Banasema weye unasikia."

"Ambia ba mama minye ninatoka."

Akatoka, akaenda mpaka bombani, akakaa nusu saa anaangalia wanawake wakigombania zamu. Aliporudi alikuta mambo yaleyale. Carmel alimweleza huku anajizuia kucheka: kila geti la jirani lilipopigwa, mama alidhani ni mkwe amerudi, akaficha mkate chini ya mto. Siagi imepaka mto wote. Mkate umepoa, mama amechoka, amelala.

Jumamosi Athanase akajiona mwerevu. Akapika tena, lakini safari hii aliufunika mkate kwa kitambaa chenye maji mpaka ganda likalegea. Mkate bubu! Utaliwa bila siri kutoka. Ulirudi haraka kuliko uji.

"Ba mama banasema," Carmel akatangaza, na utamu wa kutangaza ukimwonekana usoni, "mukate hii ilikufa. Inateleza mu kinywa kama kitambaa ya kuogea. Banasema banataka kintu ya kugombana nabo, uchungu ya kinini njo itoke."

Weye sema, ungefanya nini? Mkate laini haushuki. Mkate mkavu unasema. Na Jumapili haikungoja mtu.

Asubuhi yake Carmel alikuwa na zamu ya kuimba, na ibada yao haiishi kabla ya saa saba. Nyumba ikabaki na watu wawili na pazia moja. Athanase alianza kukanda unga mapema. Saa tano mkate ulikuwa tayari, ganda gumu, siagi inatokota katikati ya vipande, pilipili inawasha macho hata kabla ya kuonjwa. Hakuna wa kuupitisha. Alipiga moyo konde, akainama mpaka goti likagusa sakafu, akageuza uso ukutani, akasukuma sahani chini ya pazia.

"Mama, chakula."

"Aksanti, mukwe."

Akarudi kwenye kigoda chake. Kutoka nje hawezi, mama ni dhaifu, juzi aliteremka kitandani peke yake akaanguka. Akabaki pale. Alimsikia akichukua kipande. Alisikia kikikaa mkononi. Hakikuenda kinywani. Kule nje kengele ya kanisa la jirani ikapigwa, na Athanase akamfikiria Papy anafunga mkoba wake anakuja.

Pembeni yake, juu ya kifuniko cha sufuria, ilibaki nusu nzima ya mkate. Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana. Akavunja kipande, zaidi kwa uchungu wa roho kuliko kwa njaa, akauma.

Kra! Ganda lilipasuka ndani ya kichwa chake, kelele ikamjaa masikioni, hakusikia kitu kingine duniani. Akatafuna, akameza. Na mwisho kabisa wa kumeza, nyuma ya pazia, akadaka kipande cha sauti: kra, kisha ikakatika ghafla.

Akakaa kimya. Nako kukawa kimya.

Akauma tena, polepole, kwa makusudi. Alipoacha kutafuna, kule nako kukaacha, lakini kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayemaliza haraka.

Hapo Athanase akaelewa. Mtu anayetafuna mkate mkavu ni kiziwi! Mama alikuwa amegundua kabla yake: mkwe akila, hasikii. Akiacha, anasikia.

Basi asingeacha. Akala kipande cha pili, cha tatu, cha nne. Pilipili ya baba yake haikuwa na huruma, jasho likamtoka kipajini, machozi yakateremka mpaka kidevuni, na labda siyo yote yalikuwa ya pilipili. Cha tano. Tumbo lilimwambia basi, akalikatalia. Alitafuna kwa nguvu, kinywa wazi kama mtu asiyefunzwa, hajawahi kula vibaya hivyo maisha yake yote. Cha sita alikitafuna ovyo mpaka taya ikamuuma. Mkate wake ukaisha.

Akafuta uso kwa kofia. Chini ya pazia sahani ikatokeza taratibu, ikisukumwa na vidole vyembamba. Ilikuwa tupu. Hata makombo yalikuwa yameokotwa.

"Mukwe," mama Marceline akaita. Sauti ilikuwa na nguvu ambayo jana haikuwepo.

"Mama."

"Ulisikia kintu?"

"Apana, mama. Nilikuwa nakula."

Kitanda kikalia, kama mtu anayejiweka sawa kwenye mto.

"Donge ingine ya unga haiko?"

"Iko moja."

"Bon." Akakohoa kidogo, kwa adabu. "Kama ungali na njala, weye kula tena."

Athanase alikuwa ameshiba mpaka kooni, mkanda unamkata, ulimi unawaka moto. Akainuka, akaenda kupuliza makaa.

"Niko na njala sana, mama," akasema.