Kitone Katikati ya Kichwa

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Kampala, Mkuu wa Idara ya Eksirei hakunionyesha mashine. Alinipa rula. Alisema ndani kabisa ya ubongo kuna tezi ndogo, ambayo kwa watu wazima wengi huingia chokaa ikaonekana kwenye picha kama kitone cheupe. Kitone hicho hukaa katikati. Kikisogea, kuna kitu kinakisukuma, na mara nyingi ni uvimbe. Ninyi vijana wa leo mna mashine za kuonyesha ubongo kipande kwa kipande. Sisi tulikuwa na rula na macho.

Wanajeshi waliposhika nchi, filamu zikawa adimu kuliko sukari. Amri ikawa mgonjwa mmoja, filamu moja.

Ndipo akaletwa koplo mmoja wa Kamwokya. Kila asubuhi kichwa kilimuuma hadi akatapika, na kwenye gwaride alikuwa akianguka. Ofisa aliyemleta alisema anajifanya. Picha ikiwa safi, atampeleka mahabusu. Sote tulijua wengi hawakurudi kutoka huko. Nilimwogopa yule ofisa, na koplo naye hakuweza kutulia kwa maumivu. Nikapiga picha hivyo hivyo.

Kitone kilionekana katikati. Mkuu alikwisha shika kalamu aandike kwamba picha ni safi, nilipoyaangalia matundu ya macho kwenye filamu: moja pana, jingine jembamba. Kichwa kilikuwa kimegeuka, kwa hiyo kipimo chetu hakikuwa na maana. Haraka haraka haina baraka. Niliona aibu, lakini nilisema.

"Daktari, hii picha mbaya. Kosa ni yangu. Nipe filamu ingine."

Mkuu akautazama mlango aliposimama ofisa. "Unajua wataniuliza hiyo filamu ilienda wapi?"

"Najua."

Akafungua kabati. Safari hii nilimnyoosha koplo kichwa kwa viganja vyangu, nikamwambia aombe Mungu kimoyomoyo bila kutingishika. Kitone kilikuwa kimesogea kulia, kama urefu wa punje ya mchele. Uvimbe ulikuwa kushoto, na baadaye ikajulikana ni wa ile aina kali inayokua upesi.

Hakupona. Alifia wodini baada ya wiki chache, mkewe amemshika mkono. Mjane yule alinifuata hadi chumba cha eksirei.

"Asante, dada," alisema. "Hawakumuita mwongo."

Sasa nimestaafu, nakaa Ntinda. Mjukuu wangu hulalamika kwamba nikimsuka namnyoosha kichwa mno. Namwambia atulie. Sijamweleza bado kwamba niliwahi kukiacha kichwa cha mtu kimepinda, nikakaribia kumuua.