Sherehe ya Mtoto wa Marehemu

Mke wa mwanangu aliniambia akichambua mboga za managu jikoni kwamba sherehe bado ipo. Hakuinua macho. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, na udongo juu ya kaburi la mume wake ulikuwa haujaota hata jani moja la nyasi. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwuliza ni sherehe gani.

"Ile ya mtoto, Mama. Alisema lazima ifanyike."

Aliyesema ni mwanangu. Alikuwa dereva wa lori linalobeba majani mabichi ya chai kutoka vituo vya kununulia hadi kiwandani. Mwanzoni mwa mwaka alialikwa na rafiki yake kwenye sherehe mjini Kericho, akarudi na habari moja tu mdomoni. Alitueleza jinsi watu walivyokusanyika uwanjani, mume na mke wakashika mikebe mirefu, wakaizungusha kwenye kitako, moshi wa waridi ukatoka, na wote wakajua mtoto aliye tumboni ni msichana. Angekuwa mvulana, moshi ungekuwa wa samawati. Nilimwambia kwamba sisi hata kutaja mimba hatukutaja. Mwanamke tulisema hajisikii vizuri, basi, na hakuna aliyenunua hata kofia kabla mtoto hajatoka na kulia. Alicheka. Alisema siku hizi mtoto anaonekana akiwa humo ndani akinyonya kidole, sasa tunamficha nani?

Mke wake alikuwa na mimba changa wakati huo, nayo ilikuja baada ya miaka ya kungoja ambayo nyumba nzima ilikuwa imejifunza kutoizungumzia. Kwa hiyo sikumbishia. Aliamua sherehe itakuwa kwake, penye nyasi mbele ya nyumba aliyojenga kwenye kipande cha chai nilichomwonyesha, huku kwetu si mbali na Kabianga.

Kisha mvua ndefu ikaja. Lori liliteleza kwenye kona ya kuteremkia mtoni, naye hakurudi. Kuhusu siku hiyo sina la kuongeza. Namshukuru Mungu kwamba aliyenipa ndiye aliyemchukua, ingawa kuna asubuhi nyingi ambapo shukrani hiyo huja mdomoni kabla ya kufika moyoni, nami huiacha ikae hapo mdomoni ikingoja.

Nilimruhusu binti wa watu aendelee na sherehe yake. Wanawake wa ushirika wetu kanisani walinong'ona, maana nyumba ya msiba haipigi vigelegele, na sikuwalaumu. Nilifikiri tu kwamba mjane kijana asiyekula wala kulala, ambaye ameomba jambo moja, hastahili kunyimwa. Binti yangu wa mwisho, anayesoma chuo kikuu hapo jirani, ndiye aliyeshika kazi. Alimpeleka wifi yake hospitalini kupigwa picha ya mtoto. Walikuwa wamekubaliana kwamba mwenye mimba asijue. Alipomaliza kupigwa picha alitoka nje akasimama barazani, na daktari akamwambia binti yangu peke yake.

Tangu siku hiyo binti yangu alibadilika. Huyu ni msichana wa maneno mengi. Akiosha vyombo unajua habari za chuo kizima. Sasa alipuliza maputo, akashona mapazia meupe ya kutundika nyuma ya viti, akaagiza mikebe ya moshi, yote kwa kimya. Nilidhani ni uchovu, au ni kumlilia kaka yake.

Wanawake wa ushirika hatimaye walikuja kusaidia, kwa sababu minong'ono haijawahi kuwazuia wanawake wa kwetu kukanda unga. Tulipanga nani alete sufuria, nani achinjiwe kuku wake, viti vya kanisa vije kwa mkokoteni wa nani. Mmoja wao, mama mzee aliyekuwa akisikiliza maelezo ya rangi kwa makini, aliuliza tufanye nini moshi ukitoka kijani. Mwenzake akamjibu, "Basi huyo ni mtoto wa kiwanda cha chai. Tumpeleke akapimwe." Mke wa mwanangu alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi, na jikoni palinyamaza ghafla, kila mmoja akiogopa kukitisha kisije kikakimbia.

Siku iliyofuata alikuja shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Ndiye aliyebaki kuwa mkubwa wa nyumba yetu, mzee wa kanisa kama mimi, mtu mpole asiyepaza sauti hata akifukuza ng'ombe. Alileta kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kama afanyavyo kila mara anapokuja na neno zito. Nilimmiminia kikombe. Alizungumza kwanza juu ya mvua, kisha juu ya ndama wake, ndipo akasema amefurahi kusikia kwamba tumeandaa siku ya kujua mtoto ni wa namna gani.

Nilianza kumweleza kwamba ni mchezo wa vijana. Akaniinulia kiganja kwa upole. Alisema wazee wa nyumba wameshaambiana, nao watakuja wote. Kwa kuwa watu watakuwa wamekusanyika, wataketi hapo hapo kuamua juu ya kile kipande cha chai. Mtoto akiwa mvulana, nyumba ya marehemu ina mwenyewe, na kila kitu kitamngoja. Akiwa msichana, ataolewa kwa watu siku moja, na mama yake bado kijana, naye anaweza kuolewa. Hapo itabidi kijana mmoja wa nyumba, mwana wake yeye shemeji, akishike kile kipande. Na hata sasa, alisema, majani yasizeeke mtini. Kijana aanze kuyachuma na kuyapimisha kwa nambari yake mwenyewe.

Huku kwetu kila mkulima ana nambari yake kituoni. Majani yakishapimwa kwa nambari ya mtu mara kadhaa, watu huzoea kuita michai hiyo yake, na baada ya misimu michache hakuna anayekumbuka ilianzaje.

"Shemeji," akasema, "hatuna ubaya na huyu mtoto wa watu. Ni mpango tu."

Nilimkumbusha wale mabinti wa jangwani katika Biblia ambao baba yao alikufa bila kuacha mwana, wakasimama mbele ya mkutano wote wakadai sehemu yake, na Mungu mwenyewe akasema wamenena haki. Nimewafundisha watoto wa Shule ya Jumapili habari hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta maziwa kwenye masharubu yake.

"Hao walikuwa Waisraeli, shemeji."

Alipokwenda nilibaki nimekaa. Nilielewa sasa kwamba ile siku ya maputo, kwa wazee wa nyumba yetu, ilikuwa baraza. Kwao watu hawakusanyiki na kuchinja kwa ajili ya rangi ya moshi. Wakiambiwa siku fulani jambo la mtoto litajulikana, wanavaa makoti yao na kuja kulikata shauri. Na mke wa mwanangu angesimama pale mbele, mkebe mkononi, akidhani anatimiza matakwa ya mumewe, kumbe anangojea hukumu kama atabaki kwake au la.

Binti yangu alinifuata bandani nikikama. Alikuwa amesikia yote kutoka chumba cha pili. Alisimama upande wa pili wa ng'ombe, akaishika kamba.

"Mum, siwezi kukaa nayo. Wacha nikuambie, tujue tunafanya nini."

"Usiniambie."

"Lakini ukijua—"

"Nikijua nitafanya hesabu kama wao."

Nilisema hivyo bila kupanga, na baada ya kusema ndipo nilipoona njia. Nilikuwa tayari nimeona kimya chake, na uso wake sasa ungeweza kuniambia kila kitu kama ningeutazama. Niligeukia ndoo. Ukweli ni kwamba mimi pia nilitaka mvulana. Sikumtaka kwa ajili ya chai. Nilimtaka atembee kama yule aliyekwenda, mabega yakitangulia. Nilimwomba Mungu juu ya hamu hiyo, si aiondoe, ila asiiache initawale.

Nilimwendea mke wa mwanangu kabla ya kumwendea mtu mwingine yeyote. Alikuwa akipiga pasi nguo nyeupe aliyoshonewa kwa siku hiyo, yenye nafasi ya tumbo. Nilimweleza maneno ya mkubwa wa nyumba kama yalivyosemwa, bila kuyatia chumvi na bila kuyapunguza makali. Alizima pasi. Alikaa kitandani muda mrefu akiikunja ile nguo, akiifungua, akiikunja tena.

"Mama, mimi nilitaka siku moja tu," akasema. "Siku moja watu waje hapa na wasilie."

Nilimwambia niliyokusudia kufanya, nikamwuliza kama anakubali. Aliuliza kama watu wa nyumba watanichukia. Nikamwambia mimi ni mzee, na kuchukiwa hakunipunguzii usingizi uliokwisha kupungua.

Shamba letu lote bado liko kwa jina la marehemu mume wangu, na mimi ndiye niliyeachiwa kuligawa. Niliwaita mchungaji wetu na mzee wa kijiji. Nikamwita shemeji pia, maana sikutaka kufanya jambo mgongoni mwake. Tulikutana mchana, siku mbili tatu kabla ya sherehe, pale penye nyasi. Mapazia meupe yalikuwa yameshatundikwa na upepo ulikuwa ukiyavuta. Baada ya maombi nilisema kwamba kipande kile, kutoka barabarani hadi kwenye jiwe la mpaka karibu na kijito, nimempa mke wa mwanangu na mtoto aliye tumboni mwake. Nikasema sijui kama ni mvulana au msichana, na ndiyo maana nimechagua kusema leo. Siku nyingine watu wangedhani nimempa kwa sababu ya jinsi alivyo.

Mchungaji alisema amina. Mzee wa kijiji alirudia mipaka kwa sauti ili asije akakosea baadaye. Shemeji alikuwa akitazama chini muda wote. Alipopewa chai hakuipokea. Katika miaka yote niliyoolewa katika nyumba hii, sikuwahi kumwona akikataa kikombe kutoka mkononi mwangu.

"Umetufungia mlango, shemeji," akasema. "Na ndugu yangu amelala pale akisikia."

Alionyesha kaburi la mume wangu kwa kidevu, kisha akaondoka kwa miguu, polepole, akiukwepa mtaro. Nilitamani agombane. Mtu anayegomba unaweza kumfuata njiani na kumwomba msamaha.

Sherehe haikufanyika. Mke wa mwanangu aliamka siku iliyofuata akaanza kushusha mapazia mwenyewe, akiwa juu ya kiti, nasi tukamkimbilia ashuke. Alisema hana tena hamu ya kujua mbele za watu, na kwamba mume wake angeelewa. Sijui kama angeelewa. Viti vilirudishwa kanisani. Kuku waliokwisha ahidiwa walibaki kwa wenyewe. Wanawake wa ushirika walikula chapati zilizokuwa zimepikwa, wakaimba pambio moja la taratibu, wakaenda nyumbani mapema kwa sababu ya mawingu. Binti yangu aliifunga mikebe ya moshi kwenye gunia na kuirudisha dukani, ikapokelewa kwa manung'uniko. Alirudi chuoni na siri yake. Nikimpigia simu hatuitaji.

Shemeji hajakanyaga kwangu tangu hapo. Kanisani hukaa upande wa wanaume, safu ya mbele, na ibada ikiisha hutokea mlango wa pembeni. Wake za wanawe, ambao walikuwa wakija kuniazima chumvi, sasa wanapita njia ya juu. Ninamwombea kila siku kwa jina lake. Ninaomba pia nisife kabla hatujanywa chai pamoja, lakini hilo ninamwachia Mungu, maana yeye shemeji ni mzee kuniliko.

Siku ya kuchuma ilipofika, mke wa mwanangu alitaka kubeba kikapu. Nilimkatalia kwa ajili ya mgongo wake, nikabeba mimi, naye akachuma kandokando ya barabara ambako hakuna mteremko. Alichuma polepole, majani mawili na kichipukizi, akisimama mara kwa mara kushika kiuno. Waliopita barabarani walimwona, na nadhani alitaka wamwone. Kituoni tulipanga foleni na watu wengine. Kijana wa shemeji, yule aliyekuwa akishike kile kipande, alikuwa mbele yetu. Alitusalimu bila kugeuka kabisa. Tulipofika kwenye mizani, karani aliuliza majani haya yapimwe kwa nambari ya nani, kwa sababu ile ya marehemu ilikuwa imesimamishwa.

Mke wa mwanangu alisema jina lake. Sauti yake haikutoka vizuri, karani akamwomba arudie. Alirudia. Mtoto, aliniambia baadaye tukipanda mlima, alikuwa akimpiga mateke wakati huo wote, kwa nguvu, upande wa kushoto. Mvua ilianza kabla hatujafika nyumbani. Hatukuwa na mwavuli, naye hawezi tena kukimbia, kwa hiyo tulitembea hivyo hivyo.